Mtaala: Aina Zake na Safari Yake Nchini Kenya

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahariri wa jarida letu wameniomba niandike somo la mwaka huu wa 2026, nami nimechagua mada ambayo haimo katika vitabu vyetu vya Kiswahili, lakini ndiyo iliyovizaa vitabu hivyo. Mada yenyewe ni mtaala.

Sababu ya kuichagua iko wazi kwa yeyote anayesoma hapa. Hebu tembea kutoka lango la shule hadi jikoni ukihesabu madarasa. Utakuta Kidato cha Nne, utatukuta sisi wa Kidato cha Tatu, kisha utakuta Gredi ya 10 walioingia Januari. Kidato cha Pili hakuna. Kidato cha Kwanza hakuna. Sisi tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023 ndio vitindamimba wa mfumo wa 8-4-4, na KCSE tunayoitarajia mwaka wa 2027 ndiyo ya kuufunga. Basi ni vyema tujue tunachokifunga ni kitu gani, na wenzetu wa Gredi ya 10 wamefungua nini.

1. MAANA YA MTAALA

Watu wengi hudhani mtaala ni silabasi. La, hasha! Silabasi ni orodha ya mada za somo moja. Ratiba ni mpangilio wa vipindi. Mtaala ni jumla ya yote ambayo shule inakusudia mwanafunzi ayapate: maarifa, stadi, maadili, pamoja na njia za kuyafundisha na njia za kuyapima. Hapa kwetu kazi ya kuuandaa ni ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, na mitihani ya kitaifa inasimamiwa na Baraza la Mitihani.

Neno lenyewe lina mafunzo. Wazungu walilitoa neno lao katika Kilatini, ambako lilimaanisha mbio au njia ya kukimbilia. Letu sisi ni jamaa ya kitenzi "taali", yaani kusoma kwa makini. Mmoja anakimbia, mwingine ametulia na kitabu chake. Shikilia tofauti hiyo, maana tutakutana nayo tena mbele.

Mwaka wa 1949 Mmarekani Ralph Tyler alieleza kwamba anayetunga mtaala lazima ajiulize maswali manne: Shule ina malengo gani? Mwanafunzi apitie mambo gani ili malengo hayo yafikiwe? Mambo hayo yapangwe vipi? Tutajuaje kama malengo yamefikiwa? Maswali hayo bado yanatumika kote duniani. Mtaala mmoja hutofautiana na mwingine kwa sababu ya majibu yanayotolewa.

2. AINA ZA MTAALA

Wataalamu huigawa mitaala kwa njia mbili. Njia ya kwanza hutazama mtaala umejengwa juu ya nini.

(a) Mtaala wa masomo. Huu umegawanywa katika masomo yanayojitegemea: Hisabati kivyake, Historia kivyake, Kemia kivyake. Mwalimu ndiye mwenye maarifa, mwanafunzi anapokea. Ndio mkongwe kuliko mingine shuleni, na 8-4-4 kwa sehemu kubwa umekaa hivyo.

(b) Mtaala wa mwanafunzi. Huu huanza na mtoto mwenyewe, anapenda nini na anaishi wapi. Aliyeutetea sana ni John Dewey wa Marekani, aliyeandika kuuhusu tangu mwaka wa 1902. Kwake, mtoto hujifunza kwa kutenda.

(c) Mtaala mzunguko. Jerome Bruner alieleza mwaka wa 1960 kwamba mada moja inaweza kufundishwa mara nyingi, kila mara kwa kina zaidi, mithili ya mistari ya gamba la konokono. Mfano tunao: ngeli. Tulizianza shule ya msingi kwa "mtu, watu", na hadi leo hatujaachana nazo!

(d) Mtaala wa umilisi. Huu hauulizi tu "unajua nini?" bali "unaweza kufanya nini na unachokijua?" Wenzetu wa Gredi ya 10 wamesoma kwa mtaala huu tangu madarasa ya chini.

Njia ya pili ya kugawa ni tamu zaidi, kwa sababu hapa mitaala mbalimbali hukaa katika shule moja, siku moja, hata katika kipindi kimoja.

(a) Mtaala rasmi. Ni ule ulioandikwa na kuidhinishwa na serikali.

(b) Mtaala unaofundishwa. Ni kile ambacho mwalimu anakifikisha darasani hasa. Huenda silabasi imeagiza majaribio kumi ya Kemia, lakini kama maabara ina bansen moja kwa wanafunzi hamsini, mwalimu atafanya jaribio mbele na sisi tutachungulia kutoka nyuma.

(c) Mtaala unaotahiniwa. Ni ile sehemu inayofika katika karatasi ya mtihani.

(d) Mtaala fiche. Ni mafunzo ambayo hakuna aliyeyaandika, lakini mwanafunzi anayapata. Jina hili lilianza kutumiwa na Philip Jackson mwaka wa 1968. Kengele hutufunza kutii saa. Foleni hutufunza kungoja. Hata lugha hufundishwa hivyo. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986, alieleza jinsi watoto wa enzi ya ukoloni walivyoadhibiwa na kuvishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama. Hakuna silabasi iliyoandika "dharau lugha yako", lakini kibao kilifundisha hivyo. Katika shule ya msingi niliyosoma mimi, siku nne za juma zilikuwa za Kiingereza na Ijumaa pekee ndiyo ya Kiswahili. Ukisema Kiswahili Jumanne, unafagia darasa. Somo la Kiswahili lilitufunza kwamba hii ni lugha ya taifa, ilhali ufagio ulitufunza kwamba ni kosa. Je, mtoto aamini lipi?

(e) Mtaala ulioachwa. Ni yale ambayo shule imeamua kutoyafundisha. Elliot Eisner, aliyeueleza mwaka wa 1979, alionya kwamba kisichofundishwa pia kina uzito, kwa sababu mwanafunzi hawezi hata kukiulizia.

(f) Mtaala wa ziada. Ni michezo, drama, muziki, na vyama kama hiki chetu. Hauna alama. Hauna cheti cha Baraza.

3. SAFARI YA MTAALA NCHINI KENYA

(i) Kabla ya ukoloni

Wapo wanaodhani elimu ililetwa na meli. Si kweli. Kila jamii ilikuwa na mtaala wake ingawa haukuandikwa. Mtoto wa wafugaji alijua majani, magonjwa ya ng'ombe na njia za maji. Rika liliandaliwa pamoja, likatahiriwa pamoja, likapewa wajibu pamoja. Walimu walikuwa wazazi, nyanya na babu, wahunzi na waganga. Mtihani ulikuwa maisha yenyewe: ukishindwa kulinda mifugo, kijiji kizima kinajua matokeo.

Pwani kulikuwa na vyuo vya Kurani, ambako watoto walijifunza kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu kwenye mbao. Nyumbani nako kulifundishwa. Yapata mwaka wa 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utendi wa mawaidha. Ukiutazama kwa jicho la mada yetu, huo ni mtaala wa nyumbani: una mwalimu, una mwanafunzi, una malengo.

(ii) Wamishenari na wakoloni

Ludwig Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walianzisha kituo cha misheni huko Rabai mwaka wa 1846. Shule za misheni zilifundisha kusoma, kuandika, kuhesabu na dini, kwa sababu muumini alitakiwa asome Biblia. Baadaye serikali ya kikoloni ilipojenga reli na ofisi ilihitaji makarani na mafundi, na elimu ikapewa lengo jingine.

Mwaka wa 1909 ripoti ya Fraser ilipendekeza Waafrika wafunzwe kazi za mikono. Mwaka wa 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika Mashariki ikasisitiza kilimo na ufundi wa vijijini. Matokeo yake yakawa mitaala mitatu katika nchi moja: wa Wazungu, wa Wahindi na wa Waafrika. Aliyelengwa kutawala alifundishwa kutawala, na aliyelengwa kulima alifundishwa kulima.

Waafrika hawakunyamaza. Walitaka masomo yaleyale ya vitabu waliyopewa watoto wa Kizungu. Uko Kikuyuni, baada ya mvutano na misheni mwaka wa 1929, watu walijenga shule zao za kujitegemea, na mwaka wa 1939 Mbiyu Koinange akaongoza chuo cha walimu cha Githunguri. Serikali ilikifunga wakati wa Hali ya Hatari iliyoanza 1952. Kumbe mtaala unaweza kuogopwa kama bunduki! Kabla ya hapo, ripoti ya Beecher ya 1949 ilikuwa imependekeza elimu ya Waafrika iwe ya miaka minne, minne na minne, na kati ya ngazi moja na nyingine uwekwe mtihani wa kuchuja. Wengi walichujwa wakiwa watoto wadogo.

(iii) Uhuru na mfumo wa 7-4-2-3

Baada ya Uhuru, Tume iliyoongozwa na Simeon Ominde ilitoa ripoti mwaka wa 1964. Ilitaka elimu iunganishe taifa, na ile mitaala mitatu ya rangi ikafutwa. Mtoto alisoma miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya kidato cha tano na sita, na 3 ya chuo kikuu.

Babu yangu ni zao la mfumo huo. Alifanya mtihani wa CPE mwaka wa 1970. Anasema ulikuwa na karatasi tatu tu: Kiingereza, Hisabati, na karatasi ya jumla iliyochanganya Historia, Jiografia na Sayansi. Nilimuuliza, "Na Kiswahili, babu?" Akacheka. "Kiswahili tulifundishwa mwalimu akiwa na nafasi," akasema. "Muhula wa mwisho hakuna aliyekuwa na nafasi."

(iv) 8-4-4

Mwaka wa 1976 Kamati ya Gachathi ilipendekeza Kiswahili kiwe cha lazima. Mwaka wa 1981 Tume iliyoongozwa na Colin Mackay wa Kanada, iliyokuwa imepewa kazi ya kutafakari chuo kikuu cha pili, ilipendekeza na mfumo mpya: miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari, 4 ya chuo kikuu. Hoja kubwa ilikuwa ajira. Vijana walimaliza shule wakingojea kazi za ofisi ambazo hazikuwepo, hivyo mtaala mpya ungewapa ufundi wa kujitegemea.

Mfumo ulianza Januari 1985. Wazazi walichanga kwa harambee kujenga karakana. Watoto walisoma Kilimo, Sayansi Kimu, Sanaa na Ufundi, Muziki, Biashara. KCPE ya kwanza ikafanywa mwaka huohuo, na KCSE ya kwanza mwaka wa 1989.

Hapa kuna hesabu iliyonipendeza. Waliokuwa darasa la saba mwaka wa 1984 hawakwenda sekondari, bali walibaki msingi kuingia darasa la nane. Kwa hiyo mwaka wa 1985 hapakuwa na Kidato cha Kwanza kipya nchini. Miaka 40 baadaye, mwaka wa 2025, ikawa vilevile: wenzetu walibaki katika Gredi ya 9, na Kidato cha Kwanza hakikuwepo. Pengo tunaloliona shuleni mwetu si geni. Babu zetu na wazazi wetu waliliona.

Mama yangu alifanya KCPE mwaka wa 1999. Alama zake zilihesabiwa juu ya 700, kwa sababu karatasi zilikuwa saba. Mimi mwaka wa 2023 zangu zilikuwa juu ya 500, karatasi tano. Karatasi mbili zilienda wapi? Ni zile za Sanaa, Ufundi na Muziki, na ile ya Sayansi Kimu na Biashara. Zilipunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kuwa mzigo ulikuwa mzito kwa wanafunzi na gharama kubwa kwa wazazi. Tume ya Koech ya 1999 ilikuwa imelisema hilo. Lakini mama ananieleza kwamba hata walipotahiniwa, ufumaji wa kikapu waliujibu kwa kuchagua A, B, C au D. Mtu angeweza kupata alama zote na asijue kufuma hata ukindu mmoja.

Masomo hayo yalipoondolewa katika mtihani, hayakufutwa katika ratiba. Mimi mwenyewe nilikuwa na vipindi vya Sanaa ukutani tangu darasa la nne. Kila kipindi kilipofika, tulifanya Hisabati.

(v) Mtaala wa umilisi

Mwaka wa 2017 ulitolewa mwongozo wa mtaala mpya na majaribio yakaanza. Januari 2019 ukaanza rasmi katika madarasa ya chini. Mpangilio wake ni 2-6-3-3-3: miaka 2 ya chekechea, 6 ya msingi, 3 ya sekondari ya chini, 3 ya sekondari ya juu, 3 ya chuo. Unataja umilisi wa aina saba, miongoni mwake mawasiliano, fikra za kina, ubunifu, uraia na matumizi ya dijitali. Katika sekondari ya juu mwanafunzi huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Alama za kuingia huko hazitoki katika mtihani mmoja: asilimia 20 ni za tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 za kazi za shuleni, na asilimia 60 za mtihani wa Gredi ya 9.

Ndugu yangu mdogo yuko Gredi ya 8. Alipokuwa Gredi ya 4 aliambiwa atengeneze sanamu ya kutishia ndege shambani. Saa tatu usiku mama alikuwa anafunga matambara kwenye mti, babu anatafuta kofia kuukuu, na mwenye kazi amelala fofofo. Asubuhi akaandikiwa kwamba amefikia matarajio! Wanaoulaumu mtaala huu hutaja visa kama hivyo, na gharama, na uhaba wa walimu. Lakini ndugu yangu huyohuyo husimama mbele ya watu akaeleza jambo bila kutetemeka, kitu ambacho wengi wetu hatukuweza katika umri wake. Nayo haki yake apewe.

4. FUNZO NINALOLIONA

Ukiipanga safari hii yote utaona jambo moja likijirudia. Kila tume ilibadilisha mtaala rasmi. Ilibadilisha idadi ya miaka, majina ya masomo, na malengo. Lakini aliyeamua nini kifundishwe hasa alikuwa mtihani. Karakana za 1985 zilijengwa kwa mapenzi makubwa, nazo zikageuzwa stoo mara tu mtihani wa ufundi ulipoondoka. Kilichotahiniwa kiliishi, kisichotahiniwa kilibaki ukutani kwenye ratiba. Ndiyo ile tofauti ya kukimbia na kutaali.

Na sisi wa chama hiki tuseme kweli: Kiswahili chenyewe kiliokolewa na mtihani. Kwa babu kilikuwa somo la nafasi. Mwaka wa 1985 kilipofanywa cha lazima na cha kutahiniwa, walimu wake wakahitajika, vitabu vikaandikwa, na shule zote zikakitilia maanani. Kwa hiyo siwezi kuutukana mtihani kama wengine. Lakini aliyeokolewa na mtihani tu huweza kuzama pamoja nao. Lugha inayosomwa kwa ajili ya KCSE peke yake humalizika siku karatasi ya tatu inapokusanywa.

5. TUFANYE NINI SISI?

Sasa nakuja kwa jambo linalonikera. Mazoea ya chama chetu ni kwamba maafisa huchaguliwa kutoka Kidato cha Pili na cha Tatu, ili wawe na muda wa kuwalea wageni. Mwaka huu Kidato cha Pili hakipo. Mwakani sisi tutakuwa Kidato cha Nne, na baada ya KCSE ya 2027 tutaondoka wote kwa pamoja. Nyuma yetu kutakuwa na wanafunzi wa gredi pekee.

Lakini tunawapokeaje? Muhula wa kwanza nilisikia mwenzangu akisema, "Hawa wa gredi wana mambo yao, sisi wa fomu tuna yetu." Wao nao huketi peke yao wakati wa chakula, na katika mkutano wa chama walikuja watatu tu. Hebu tupige hesabu. Tukiendelea hivi, jarida hili halitakuwa na mwandishi mwaka wa 2028. Halitafungwa na Wizara wala Baraza. Litafungwa na sisi.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, nusu ya maafisa wa chama wachaguliwe kutoka Gredi ya 10 muhula huu, bila kungoja wazoee. Pili, mijadala ya Ijumaa ichanganye makundi, fomu na gredi upande mmoja, si fomu dhidi ya gredi. Wao wamezoea kusimama na kueleza, sisi tumezoea insha na sarufi. Kila mmoja ana cha kumpa mwenzake. Tatu, jarida la mwakani lihaririwe na wahariri wawili, mmoja wa kila upande.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kiswahili ni cha lazima kwao kama kilivyo kwetu, basi hatuwapi mzigo mpya. Tunawapa mtaala wa ziada, ule usio na alama, ambao hauna tume ya kuufuta wala hauna tume ya kuulinda.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

1. Tofautisha mtaala, silabasi na ratiba kwa mifano kutoka shuleni mwetu.
2. Taja mafunzo matatu ya mtaala fiche katika shule ya kutwa. Je, ni mema au mabaya?
3. "Kisichotahiniwa hakifundishwi." Unga mkono au upinge.
4. Waulize wazee wawili nyumbani kwenu walifanya mtihani gani wa kumaliza shule ya msingi, na Kiswahili kilikuwa na nafasi gani. Lete majibu mkutanoni.
5. Ungepewa nafasi ya kuongeza somo moja katika mtaala ulioachwa wa shule yetu, ungeongeza lipi, na ungependa litahiniwe?